Chupa Namba Arobaini na Saba

Kwa miaka minne Nyangi hakuweza kupiga magoti. Jumanne alfajiri mkwewe, Tabitha, alimkuta jikoni amepiga magoti mbele ya mafiga, amekufa.

Kichwa kilikuwa kimeinamia kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika kigoda. Juu ya majivu kulikuwa na damu nyingi, na haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi, yenye chembechembe, kama makapi ya kahawa.

Inspekta Elieth alichuchumaa mlangoni kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Hakuona jeraha. Hakuona dalili ya purukushani. Chungu cha uji kilikuwa mahali pake, kuni zimepangwa vizuri, mlango haukuvunjwa. Mpiga picha wa polisi alipomaliza kazi, Elieth alivaa glovu na kuinua kitu kimoja tu kutoka kwenye rafu ya udongo: chupa nyeupe ya plastiki iliyobandikwa karatasi. Karatasi ilisema, *Utafiti wa Maumivu ya Viungo. Mshiriki 047. Kapsuli moja asubuhi, moja jioni.*

Ndani zilibaki kapsuli kumi na sita.

"Afande," Koplo Marwa alisema kwa sauti ya chini kutoka nje. "Njoo uone barabarani."

Elieth alikuwa mzaliwa wa Same, na tangu ahamishiwe Mugumu miaka mitatu iliyopita, Kikurya chake hakikuwahi kuvuka salamu. Lakini alichokiona barabarani hakikuhitaji mkalimani. Vijana na wanaume wapatao thelathini walikuwa wameangusha gogo njiani. Nyuma ya gogo lilisimama gari la watafiti, vioo vimefungwa, na ndani yake dereva na muuguzi mmoja wa kike walikuwa wamejikunyata. Mbele ya gari, panga mkononi, alisimama Heche, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Marwa, ambaye kwao ni Tarime na aliyajua maneno ya kuanzia, alimsogelea na kumwita mura, yaani kijana, akampa pole ya msiba kwa lugha yao. Heche aliisikiliza pole hiyo mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili ili Inspekta naye asikie.

"Dawa yao imemuua mama. Hawa hawatoki hapa. Na mama tunamzika leo."

"Ukimzika leo, kaka yangu, utazika na jibu," Elieth alisema. "Kama ni dawa, tumbo lake litasema. Kama si dawa, litasema pia. Nipe siku moja ya uchunguzi. Nitakuletea majibu mimi mwenyewe, mkononi, kabla hayajaenda kwa mtu mwingine."

Mmoja wa wajomba zake alianza kupinga, Heche akamnyamazisha kwa kuinua kiganja. Alisema angetoa siku moja, na kwamba yeye na mdogo wake wangekaa mlango wa chumba cha maiti mpaka kazi iishe. Elieth alikubali. Alipanda mwenyewe kwenye gari la watafiti, akakaa kiti cha mbele, na gogo likaondolewa.

Kabla hawajaondoka alikuwa amezungumza na Tabitha kando ya ghala la mahindi. Mkwe huyo alieleza kwamba chupa mbili za kwanza hazikumsaidia mama kitu. Ya tatu ndiyo iliyomwinua. Ndani ya wiki moja alitupa fimbo, akaenda sokoni kwa miguu, akarudi kupika mwenyewe. Alikuwa anakula sahani mbili, na uso ulimjaa na kung'aa mpaka jirani wakamtania kuwa anatafuta kuolewa tena. Kisha siku tatu zilizopita tumbo lilianza kumuwaka, na choo kikawa cheusi kama lami. Nyangi alimkataza mkwewe kusema. Alikuwa na vidonda vya tumbo tangu zamani, na alipojiandikisha aliulizwa, akakana. Aliogopa wakijua watamtoa.

*

Daktari wa hospitali aliyefanya uchunguzi wa maiti hakupata tabu. Jioni hiyo hiyo alimwonyesha Elieth kwenye picha: kidonda kikubwa tumboni kilikuwa kimetoboa mshipa. Mwanamke yule alikuwa amemwaga damu kwa ndani, pengine siku mbili nzima. Alisema vidonda vya namna hiyo huchochewa na dawa kali za maumivu, hasa zikitumiwa kwa wingi.

Elieth alitoka na karatasi ile, akamkuta Heche ameketi kwenye ngazi. Alimsomea yote. Heche aliuliza swali moja tu: nani alimpa hizo dawa kali? Elieth alisema hajui bado.

Kituo cha utafiti kilikuwa nyumba ya kupanga yenye bati la bluu, kando ya barabara ya Nyansurura. Mkuu wake alikuwa Daktari Gasto, mtu mrefu wa miwani, karibu miaka hamsini, mzaliwa wa Muleba. Alikuwa amelala vibaya, na shati lake lililokunjamana lilionyesha hivyo. Hata hivyo alieleza kazi yake vizuri, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wazee wasiojua kusoma.

Dawa ilitokana na mzizi wa mti wa kwao. Miaka kumi na moja alikuwa akiifanyia kazi. Wazee mia moja na sitini wenye magoti mabovu, wa Serengeti na Tarime, walikuwa wamekubali kushiriki. Nusu yao walipewa kapsuli zenye dawa. Nusu walipewa kapsuli zinazofanana nazo kwa kila kitu, ila ndani ni wanga mtupu. Mgonjwa hajui anapewa ipi. Muuguzi hajui. Yeye mwenyewe hajui. Kila mwezi wazee wanataja maumivu yao kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi, na mwishoni makundi mawili yanalinganishwa.

"Nani anajua?" Elieth aliuliza.

"Kompyuta ya taasisi, Dar es Salaam. Na bahasha zilizomo kwenye sefu hii. Kila mshiriki ana yake. Hufunguliwa kwa dharura tu."

"Mtu amekufa. Fungua."

Gasto alisita kidogo, akageuza ufunguo. Bahasha ya 047 ilikuwa na lakiri isiyoguswa. Elieth aliikagua, Marwa akapiga picha, kisha Daktari akaipasua mbele yao.

*Kundi B. Kidonge kitupu.*

Gasto alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu aliketi polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba ngazi imeisha ilhali mguu bado uko hewani.

"Basi dawa yangu haihusiki," alisema hatimaye.

Ilikuwa kweli. Kidonge cha wanga hakitoboi tumbo la mtu. Elieth aliagiza mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, kapsuli kumi na sita za Nyangi, pamoja na chupa kumi zilizobaki stoo, zipelekwe maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Mwanza. Marwa angezibeba mwenyewe. La pili, washiriki wote mia moja na hamsini na tisa waambiwe kwa simu na kupitia wenyeviti wa vijiji waache kapsuli mara moja, mpaka polisi watakaposema.

Daktari Gasto alikuwa amesimama pale agizo hilo la pili likitolewa. Hakusema neno.

*

Majibu yalifika Ijumaa saa nne asubuhi. Mkemia alipiga simu kwanza, karatasi ikafuata.

Chupa kumi za stoo zilikuwa safi: tano dawa ya mzizi, tano wanga. Lakini kapsuli zote kumi na sita za Nyangi zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa tena. Wanga ulikuwa umepunguzwa na kuchanganywa na unga wa dawa mbili, diklofenaki na deksamethasoni, kwa vipimo vikubwa. Ya kwanza hutuliza maumivu. Ya pili huondoa uvimbe na kumfanya mgonjwa ajisikie kijana. Zikikutana katika tumbo lenye kidonda, huwa kama moto na petroli.

Kwa hiyo kulikuwa na mkono wa mtu.

Stoo ilikuwa na funguo mbili. Moja alikuwa nayo Gasto. Nyingine alikuwa nayo muuguzi, Bupe, yule aliyekuwa amefungiwa garini. Na daftari la kutolea dawa lilionyesha kuwa chupa ya tatu ya namba 047 ilikabidhiwa na Bupe, kwa saini yake.

Marwa aliona kesi imekwisha. Alisema wauguzi wana huruma, na huruma ya namna hiyo imewahi kuua watu. Mzee analia magoti, unajua unampa wanga, unamtilia kitu kidogo. Elieth hakumpinga. Alimwagiza amlete Bupe kituoni Mugumu.

Bupe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kutoka Tukuyu, mwenye mikono isiyotulia. Aliketi, akauliza kama anaweza kupata maji. Alipewa.

"Nani aliweka chupa ya Nyangi kwenye begi lako?"

"Mimi mwenyewe. Nilizichukua stoo asubuhi ya siku ya kugawa."

"Uliikagua?"

"Nilisoma namba. Hatufungui."

"Ulijua anapewa kidonge kitupu?"

"Hapana, Afande. Hakuna anayejua."

"Ila ulijua haimsaidii."

"Namba yake ilikuwa tisa mwezi wa kwanza, tisa mwezi wa pili. Niliandika mwenyewe. Nilimpelekea taarifa Daktari, kama za wengine."

"Ulimwonea huruma."

"Ndiyo."

"Ukamtilia dawa."

"Hapana."

Elieth alisukuma karatasi ya Mwanza mbele yake. Alitaka kuuona uso wake ukisoma. Bupe alisoma mstari wa kwanza kwa utulivu. Alipofika wa pili aliweka kidole juu ya neno, kama anayetaka kuhakikisha halikimbii.

"Deksamethasoni," alisema. "Ndiyo maana uso ulimjaa. Nilimwona wiki mbili zilizopita, nikafurahi." Kisha akainua macho ghafla. "Afande, kuna wengine wenye uso kama ule. Sikumbuki wote. Na Jumanne tuliwaambia waache."

"Niliagiza mimi. Ili wasidhurike."

"Anayeinywa hii dawa wiki tatu haachi siku moja. Mwili wake umeshazoea, umeacha kujitengenezea ya kwake. Anapunguziwa kidogo kidogo. Akiachishwa ghafla anaishiwa nguvu, presha inashuka, anaanguka. Anaweza asiamke." Alihesabu kwa vidole. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi, leo. Hii ni siku ya nne."

Feni ilizunguka. Elieth aliona kwamba mikono ya muuguzi ilikuwa imetulia, na ni ya kwake sasa iliyotaka kitu cha kushika. Agizo alilitoa yeye, kwa sauti yake, ili kuokoa watu.

Alimuuliza Bupe kama wangeweza kuwapima wote. Bupe alisema wazee mia moja na hamsini na tisa wametawanyika toka Issenye hadi vilima vya Tarime, wengine hawana simu, na wengi wana shinikizo la damu na maradhi mengine. Kuwatambua kwa macho kungechukua wiki. Kuwarudishia wote dawa hiyo ovyo kungeua wale wasiowahi kuinywa. Ilihitajika orodha. Na orodha ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

"Kama ningekuwa mimi," Bupe alisema taratibu, "ningekuwa nimeshakutajia."

Elieth alimwamini. Si kwa sababu ya maneno hayo, bali kwa sababu ya jambo lililokuwa likimsumbua tangu Jumanne. Bahasha ilipofunguliwa, dawa ya Gasto iliondolewa lawama yote. Miaka kumi na moja ya kazi iliokolewa kwa mstari mmoja wa maandishi. Mtu yeyote angeshusha pumzi. Yeye aliketi kama aliyefiwa.

Marwa alipinga. Gasto ndiye wa mwisho kufanya jambo hilo, alisema. Ukimponya mgonjwa wa kidonge kitupu unaiaibisha dawa ya kweli. Makundi mawili yanakuwa sawa, na dawa inaonekana haina maana. Gasto angejichimbia kaburi mwenyewe.

"Angejichimbia kama angejua," Elieth alisema. "Lakini mpaka Jumanne hakujua, Marwa. Alikisia kwamba Nyangi anapewa dawa. Na alikisia vibaya."

*

Elieth hakumfuata Gasto moja kwa moja. Mtu aliyenyamaza siku nne angeweza kunyamaza ya tano, na siku ya tano huenda ikawa ya mazishi. Alihitaji kitu cha kumwekea mezani.

Alikipata kwenye daftari la safari za gari. Jumamosi mbili, moja mwezi mmoja na nyingine wiki moja kabla ya kifo, gari la utafiti lilikwenda Tarime bila dereva wake. Sababu iliyoandikwa ni *kujaza mafuta*. Mafuta yanapatikana Mugumu.

Walichukua barabara ya Nyamongo kwa mwendo ambao Marwa hakuupenda. Saa saba na nusu walikuwa Tarime mjini. Walianza na maduka ya dawa ya katikati ya mji, wakaambulia patupu, wakashukia mtaa wa Nkende. Duka la tatu lilikuwa la Benedicto, mtu mnene, mpole, mwenye kuandika kila kitu.

Aliwaonyesha kitabu. Deksamethasoni, makopo mawili. Diklofenaki, makopo matatu. Wiki tatu baadaye, tena vilevile. Mnunuzi: *Muuguzi Bupe, Utafiti wa Maumivu ya Viungo*, na mhuri wa mradi chini yake.

Marwa alimtazama Elieth pembeni. Elieth alitoa kwenye mkoba kipeperushi cha utafiti, kile walichogawiwa wazee wakati wa kuandikishwa. Kilikuwa na picha ya wafanyakazi wote mbele ya nyumba ya bati la bluu.

"Aliyekuja yumo humu?"

Benedicto aliweka miwani, akaikaribia picha. Hakuweka kidole kwa Bupe. Alimwekea mtu mrefu wa nyuma.

"Huyu. Alisema muuguzi wake amemtuma kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakuja mjini. Mtu wa heshima sana. Aliniuliza pia kama nina kinu kidogo cha kusagia."

"Ulimuuzia?"

"Nilimuuzia, Afande. Nilidhani ni kwa ajili ya wazee wasioweza kumeza."

*

Gasto alikuwa ofisini mwake akipanga fomu kwenye mafaili. Elieth aliketi mbele yake, akaweka mezani nakala ya kitabu cha Nkende, karatasi ya Mwanza na kipeperushi. Kisha alimsomea onyo, kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema lolote, na lolote atakalosema laweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Alimwambia ana haki ya wakili.

"Nitamsubiri wakili," Gasto alisema.

"Ni haki yako. Atatoka Musoma, atafika kesho mchana." Elieth alitazama saa yake. "Sitakuuliza kuhusu Nyangi, wala duka la Nkende. Nakuuliza kama daktari. Wale wengine, leo ni siku ya nne hawajanywa. Itakuwaje wakifika kesho mchana?"

Gasto alinyoosha kingo za fomu zilizokuwa mbele yake.

"Nilipotoa agizo la kuacha ulikuwa umesimama pale mlangoni. Ulijua."

"Nilijua," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Wangapi?"

Mikono ya daktari ililala juu ya mafaili. Nje, gari la mizigo lilipita likitifua vumbi, na madirisha yakatetemeka. Marwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Wangapi, Daktari?"

"Tisa. Na Nyangi, kumi."

"Andika."

Aliandika kwa hati nzuri, bila kufungua faili hata moja. Namba, jina, kijiji, kipimo. Alizijua zote kwa kichwa, kama mama anavyojua majina ya watoto wake. Elieth aliichukua karatasi kabla wino haujakauka, akampa Marwa, na Marwa akampa Bupe aliyekuwa akingoja kwenye gari la polisi na sanduku la sindano na chupa za maji ya dripu. Gari la pili lilitoka hospitali kuelekea upande wa Tarime. Elieth alisikia injini zikiondoka ndipo akarudi kuketi.

Gasto hakumngoja wakili tena. Alizungumza mwenyewe, na Elieth akaandika maelezo yake ya onyo neno kwa neno.

Alisema mama yake alitambaa sakafuni miaka sita kule Muleba, mpaka bibi mmoja jirani alipomchemshia mzizi ule. Alimwona akisimama. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati huo, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Hakutilia shaka dawa hata siku moja. Ila tarehe thelathini ya mwezi huu kamati ya utafiti ingekutana kutazama namba za kati, na namba hazikuwa zinashuka vya kutosha. Wangeufunga utafiti.

"Niliangalia waliokuwa bado na nane, na tisa," alisema. "Nikajiambia hawa ni wagumu, miili yao inachelewa. Nilitaka kuwabeba wiki chache tu, mpaka dawa iwashike. Kisha ningeacha."

"Ulidhani wanapewa dawa."

"Niliamini wengi wao wanapewa. Sikutaka kufikiri vingine."

"Na jina la Bupe kule Nkende?"

Hapo alisita kwa mara ya kwanza. Alisema aliandika jina la kwanza lililomjia. Elieth aliandika jibu hilo kama lilivyo, lakini kalamu ilikandamiza karatasi.

"Fomu ya Nyangi ilisema hana vidonda," Gasto aliongeza. "Niliikagua kabla. Nisingempa."

"Alidanganya ili aingie. Uliwaambia wazee kwenye mkutano kwamba hii itawainua."

Elieth alimfunga pingu mwenyewe. Walipotoka, watu walikuwa wamejaa barabarani, na Heche alikuwa mbele yao, mikono mitupu. Gasto alisimama. Alionekana kutaka kusema kitu. Heche alimpisha njia bila kumtazama, akamtazama Elieth.

"Ndiye?"

"Ndiye. Nitakuja nyumbani kesho nikueleze yote."

Heche aligeuka na kuwaambia watu wake maneno machache kwa Kikurya. Walifungua njia.

*

Wanane walipatikana kabla ya usiku wa manane. Wengine walikuwa na kizunguzungu, mmoja alikuwa akitapika, na bibi mmoja alikuwa amewaita watoto wake kuwagawia mashamba. Bupe na wauguzi wa gari la pili waliwachoma sindano, wakawapa vidonge vya kupungua polepole, wakawaandikia kila mmoja ratiba kwa herufi kubwa.

Wa tisa alikuwa Mzee Werema wa Issenye, na hakuwa nyumbani. Majirani walisema amemfuata ng'ombe aliyepotea. Jumamosi asubuhi wanafunzi waliokuwa wakienda masomo ya ziada kwa baiskeli walimkuta ameketi kando ya njia, mgongo umeegemea kichuguu, macho wazi, hawezi kujibu shikamoo yao. Bodaboda ilimleta mpaka barabarani akiwa amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa dereva, na hapo, presha yake ikiwa haisomeki, Bupe alipiga magoti kwenye vumbi na kutafuta mshipa mara nne kabla hajaupata.

Elieth alishika chupa ya dripu juu kwa mkono wake. Alihesabu matone. Alipofika mia mbili na kitu, mzee alilamba midomo na kuuliza ng'ombe wake yuko wapi.

Elieth alikabidhi chupa kwa Marwa, akaenda nyuma ya gari, akaipigia simu hospitali iandae kitanda.

*

Wiki mbili baadaye Daktari Gasto alifikishwa mahakamani Mugumu kwa shtaka la kuua bila kukusudia, pamoja na mengine ya kughushi na kuhatarisha maisha. Kabla hawajaingia aliomba kuzungumza na Inspekta. Alikuwa amekonda. Aliuliza kama kamati imefungua bahasha.

"Imefungua za wale tisa," Elieth alisema. Barua alikuwa nayo kwenye faili. "Utafiti umefutwa. Namba zake haziwezi kutumika na mtu yeyote, kwa lolote."

"Hilo nalijua. Nauliza bahasha. Wangapi walikuwa wanapewa dawa yangu?"

Elieth angeweza kukataa kumjibu. Alifungua faili.

"Hakuna. Wote tisa walikuwa wanapewa kidonge kitupu. Kama Nyangi."

Mwanzoni Gasto aliitikia kwa kichwa tu. Kisha kichwa kikasimama. Elieth aliuona ukweli ukimfikia. Kati ya wazee mia moja na sitini alikuwa amewachagua kumi ambao maumivu yao yalikataa kabisa kushuka, na wote kumi walikuwa wale wasiopewa dawa. Wale waliopewa hawakuwamo kwenye orodha yake.

"Hawakuwa wanalalamika," alisema. "Wale wengine. Namba zao zilikuwa zinashuka polepole, lakini zilikuwa zinashuka."

"Sijui, Daktari. Na sasa hakuna atakayejua."

Askari alimgusa begani. Jina lake lilikuwa limeitwa. Alipita mlangoni, miwani mkononi, na Elieth akamfuata, faili kwapani.